Mafunzo Endelevu ya Wawezeshaji Rika Vyuoni: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mazingira ya Mji wa Babati, Mkoani Manyara

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya mafunzo endelevu kwa wanafunzi wanaoongoza wenzao katika programu za usaidizi wa kitaaluma vyuoni. Hoja kuu ni kwamba semina moja ya mwanzoni mwa muhula haitoshi kumwandaa mwezeshaji rika, kwa kuwa kazi yake ngumu zaidi si kujua somo bali kujizuia kutoa jibu. Stadi hiyo hujengeka kwa kutenda, kuangaliwa, kupewa mrejesho na kutafakari. Makala inatumia mazingira ya Babati, mji wenye vyuo vinavyopokea vijana wengi kutoka familia za wakulima na wafugaji, ili kuonesha namna mafunzo hayo yanavyoweza kupangwa, kusimamiwa na kupimwa. Aidha, inahusisha suala hili na historia ya mafunzo ya walimu wakiwa kazini nchini Tanzania.

Maneno msingi: ujifunzaji rika, mwezeshaji rika, mafunzo endelevu, tafakuri, Babati

1.0 Utangulizi

Mji wa Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Katika mji huu na viunga vyake kuna taasisi kadhaa za elimu ya baada ya sekondari, zikiwamo Kampasi ya Babati ya Chuo cha Uhasibu Arusha na Chuo cha Ualimu Mamire kilichopo wilayani Babati. Baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya namna hii hulipiwa ada inayotokana na mauzo ya mahindi, mbaazi au mifugo. Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, kushindwa kozi moja si jambo la alama peke yake. Mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita "sapu", humwongezea mzigo wa kujiandaa upya. Akishindwa tena, anaweza kurudia mwaka au kuondolewa masomoni, na familia hubaki imeuza mali bila kupata ilichokitarajia.

Mojawapo ya njia ambazo vyuo duniani vimetumia kukabili tatizo hili ni usaidizi wa kitaaluma unaoongozwa na wanafunzi wenyewe. Hapa Tanzania wazo hili si geni: vikundi vya majadiliano, au "diskasheni" kama wanafunzi wasemavyo, ni sehemu ya kawaida ya maisha ya chuo. Hata hivyo, kikundi kinachojiendea chenyewe ni tofauti na programu iliyopangwa. Tofauti hiyo inatokana zaidi na maandalizi ya anayeongoza. Makala hii inajibu maswali matatu: Mwezeshaji rika anahitaji kujifunza nini? Anajifunzaje? Chuo kitajuaje kwamba amejifunza?

2.0 Dhana ya Usaidizi wa Kitaaluma Unaoongozwa na Wanarika

Katika makala hii, mwezeshaji rika ni mwanafunzi aliyekwisha kufaulu kozi fulani, ambaye anaongoza vipindi vya pamoja vya wanafunzi wanaoisoma kozi hiyo kwa sasa. Si mkufunzi msaidizi, hatungi mtihani wala hatoi alama. Nguvu yake inatokana na ukaribu wake na wenzake. Kwa mtazamo wa Vygotsky (1978), mtu hujifunza vizuri katika eneo lililo kati ya kile anachokiweza peke yake na kile anachokiweza kwa msaada wa aliyemtangulia kidogo. Mwezeshaji rika ni huyo aliyetangulia kidogo, naye bado anakumbuka mahali alipokwama.

Mfano unaorejelewa sana ni ule ulioanzishwa na Deanna Martin mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, nchini Marekani, unaojulikana kwa ufupisho wa SI. Mfano huo ulileta mabadiliko ya kimtazamo: badala ya kuwalenga wanafunzi dhaifu, ulilenga kozi ngumu. Kozi ambayo asilimia 30 au zaidi ya wanafunzi hupata alama za chini au hujiondoa ndiyo iliyowekewa vipindi, na kila mwanafunzi alikaribishwa. Kwa njia hiyo aibu ya kuhudhuria iliondolewa. Katika miaka ya 1990, mfano mwingine wa vikundi vinavyoongozwa na wanarika ulianzia katika kozi za kemia katika City College, New York. Waasisi wake waliyahesabu mafunzo na usimamizi wa viongozi kuwa miongoni mwa masharti ya msingi ya mafanikio. Mifano yote miwili haimwachi mwezeshaji afanye kazi bila msimamizi.

3.0 Kwa Nini Semina Moja Haitoshi

Utaratibu ulio rahisi kwa chuo ni kuwateua wanafunzi wenye alama za juu, kuwapa semina ya siku moja, kisha kuwakabidhi ratiba. Utaratibu huu una kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza inahusu uteuzi. Mwanafunzi ambaye wenzake humwita "kipanga" huenda alielewa kozi haraka kiasi kwamba hajui hatua alizopitia. Ufaulu ni sharti la lazima, lakini hautoshi. Uvumilivu, usikivu na uwezo wa kueleza jambo kwa zaidi ya njia moja vinapaswa kupimwa pia, kwa mfano kwa kumtaka mwombaji aongoze kipindi kifupi cha majaribio.

Kasoro ya pili ni ya kina zaidi. Roscoe na Chi (2007), katika mapitio yao ya tafiti kuhusu wanarika wanaofundishana, wanatofautisha tabia mbili: kusimulia maarifa na kujenga maarifa. Wanaeleza kwamba wanarika wengi, hata waliopata mafunzo, huelekea kusimulia: hurudia yaliyomo kwenye daftari bila kuyachunguza. Hali hii inaeleweka. Kijana aliyesoma kwa miaka mingi akimsikiliza mwalimu mbele ya ubao atakapopewa nafasi ya kuongoza atafanya kile alichokiona. Semina ya siku moja haiwezi kuondoa mazoea ya miaka hiyo yote.

Tuchukue mfano wa kozi ya uhasibu. Mwanafunzi anauliza: "Kwa nini uchakavu unaandikwa kuwa gharama ilhali hakuna fedha iliyotoka?" Mwezeshaji anayesimulia atajibu kwa kutaja kanuni, na wenzake watanakili. Mwezeshaji anayejenga atauliza: "Mtu amenunua pikipiki ya bodaboda kwa shilingi 3,000,000, akaitumia kwa miaka 5 hadi ikaisha thamani. Mwaka wa kwanza akisema faida yake ni makusanyo yote kutoa mafuta tu, je, amesema kweli?" Kikundi kitajadili, kitagawanya, na kitafika chenyewe kwenye shilingi 600,000 kwa mwaka. Baadaye kitaona kwamba fedha ilitoka siku ya ununuzi, ila gharama yake inagawanywa katika miaka ya matumizi. Njia hii huchukua dakika nyingi zaidi, lakini mwanafunzi hutoka na sababu anayoweza kuitumia katika swali jipya.

4.0 Vipengele vya Mafunzo Endelevu

4.1 Mafunzo ya awali

Siku mbili au tatu kabla ya muhula zinatosha kuweka msingi: wajibu na mipaka, kuandaa kipindi, kuuliza maswali na kugawa kazi katika vikundi vidogo. Stadi mojawapo ya kuanza nayo ni kusubiri. Rowe (1974) alibaini kwamba walimu wengi husubiri takribani sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba muda huo ukifika sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Stadi hii haihitaji vifaa wala fedha, bali mazoezi.

4.2 Uangalizi, mrejesho na tafakuri

Kiini cha mafunzo endelevu kiko hapa. Katika wiki za mwanzo, msimamizi au mwezeshaji mzoefu huketi nyuma ya kikundi na kuandika anachokiona: nani amezungumza, maswali mangapi yameulizwa, mangapi yamejibiwa na mwezeshaji mwenyewe. Baada ya kipindi huzungumza naye faraghani. Mrejesho ulio bora hutaja tukio badala ya kutoa hukumu. Kauli "Ulijibu maswali saba kati ya manane wewe mwenyewe" inamsaidia kuliko "Unaongea sana". Kisha, mara moja kwa wiki, wawezeshaji wote hukutana kujadili kilichowashinda. Schön (1983) anauita mwenendo wa namna hii tafakuri ya mtendaji: mtu hujifunza kazi kwa kuichunguza kazi yake mwenyewe.

4.3 Stadi ya lugha

Mwanafunzi aliyepita katika shule za serikali za Tanzania husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Katika vyuo vinavyotumia Kiingereza kama lugha ya kufundishia, ugumu wa kozi mara nyingi ni ugumu wa lugha uliojificha. Mkoani Manyara kuna pia wanafunzi ambao lugha zao za kwanza ni Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi au Kidatoga, ambao kwao Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kwa hiyo, mwezeshaji anapaswa kufunzwa kubadili msimbo kwa makusudi: kujadili dhana kwa Kiswahili hadi ieleweke, kisha kukirejesha kikundi kwenye istilahi za Kiingereza zitakazotumika katika mtihani. Akiishia kwenye hatua ya kwanza, mwanafunzi ataelewa ila atashindwa kuandika. Akianza na ya pili, mwanafunzi atakariri bila kuelewa.

4.4 Maadili na mipaka

Mwezeshaji hukutana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake: mwenzake aliyekosa ada, aliyefiwa au anayemwomba amfanyie zoezi la nyumbani. Mafunzo yamwoneshe wapi pa kumwelekeza mwenzake, siri ipi aitunze na ipi aitolee taarifa, na namna ya kukataa bila kuvunja udugu. Jambo hili lina uzito katika mji mdogo, ambako mwezeshaji na anayesaidiwa huenda wanaishi nyumba moja ya kupanga.

4.5 Msimamizi naye hufunzwa

Mkufunzi anayesimamia programu anaweza kuwa mjuzi wa somo lakini hajawahi kumwangalia mtu akiongoza kikundi na kumpa mrejesho. Asipoandaliwa, uangalizi hugeuka ukaguzi, na mwezeshaji ataonesha igizo siku anapoangaliwa. Kwa sababu hiyo, mpango wa mafunzo unapaswa kumhusisha msimamizi tangu mwanzo na kumtengea muda katika mgawanyo wa kazi zake.

5.0 Uzoefu wa Tanzania

Tanzania ina uzoefu wake wa kuwafunza watu wakiwa kazini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilielekeza kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977. Kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa na kufunzwa katika shule walizofundisha, kwa masomo ya posta na redio chini ya usimamizi wa Mratibu Elimu Kata, kisha wakapelekwa chuoni kwa muda mfupi. Ubora wa walimu hao wa UPE umejadiliwa sana. Hata hivyo, utaratibu wenyewe unatoa funzo mahususi: kumweka kijana mbele ya wanafunzi ni hatua ya haraka, ilhali kumsimamia kwa ukaribu ndiyo hatua inayogharimu na inayoamua matokeo.

Kwa sasa, Taasisi ya Elimu Tanzania inaratibu Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambapo walimu hukutana shuleni katika Jumuiya za Ujifunzaji kujadili changamoto za ufundishaji. Jumuiya hiyo kwa asili yake ni ujifunzaji rika: mwalimu huongoza walimu wenzake bila kuwa mkuu wao. Hapa ndipo umuhimu wa suala hili kwa vyuo vya ualimu unapodhihirika. Mwanachuo aliyejifunza kuuliza badala ya kusimulia, na kupokea mrejesho bila kununa, ataingia katika Jumuiya ya Ujifunzaji akiwa na stadi zinazohitajika. Kwa chuo cha ualimu, basi, mafunzo ya wawezeshaji rika si huduma ya pembeni. Ni mwanzo wa maandalizi ya mwalimu kujiendeleza kazini.

6.0 Upimaji wa Mafunzo

Ngazi nne za Kirkpatrick zinafaa kama kiunzi cha kupima: mwitikio wa wawezeshaji, walichojifunza, mabadiliko ya utendaji, na matokeo kwa walengwa. Tathmini inayoishia kwenye dodoso la mwisho wa semina hugusa ngazi ya kwanza tu. Ngazi ya tatu inaweza kupimwa kwa gharama ndogo kupitia fomu za uangalizi: je, uwiano wa maswali yanayojibiwa na mwezeshaji umepungua kutoka wiki ya pili hadi ya kumi?

Ngazi ya nne inahitaji tahadhari. Dawson na wenzake (2014), katika mapitio ya tafiti za mfano wa SI, walibaini kwamba kuhudhuria kunahusiana na alama za juu na kupungua kwa wanaoshindwa. Lakini wanaohudhuria huenda ni wale wenye ari kubwa tangu awali. Mtafiti anayelinganisha tu waliohudhuria na wasiohudhuria anaweza kuipa programu sifa isiyostahili. Inashauriwa azingatie ufaulu wa awali wa wanafunzi, alinganishe kozi hiyo hiyo kabla na baada ya programu kuanza, na atumie pia mahojiano na wasiohudhuria. Kundi hili la mwisho ndilo linaloweza kueleza vizuizi ambavyo takwimu hazivioneshi: umbali, kazi za jioni au woga.

7.0 Hitimisho

Makala imefafanua kwamba mafunzo ya wawezeshaji rika ni mchakato wenye uteuzi makini, msingi mfupi wa awali, uangalizi wa mara kwa mara, tafakuri ya pamoja na msimamizi aliyeandaliwa. Kwa vyuo vya Babati na miji mingine ya ukubwa wake, sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni muda na utaratibu kuliko fedha. Chuo kinachotaka kuanza kinaweza kuchagua kozi moja yenye idadi kubwa ya wanaorudia mtihani, wawezeshaji wachache na msimamizi mmoja aliyetengewa saa zake, kisha kupanua kadiri ushahidi unavyopatikana. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu ubadilishaji msimbo katika vipindi vya wanarika, kwa kuwa ndiko swali la lugha ya kufundishia linakoonekana kama wanafunzi wanavyoliishi, mbali na macho ya mkufunzi.