Mama Akitaka Kufungua Biashara Shambani

Bibi mkulima, labda umekwisha kufikiri kufungua kiduka kando ya njia, au kuuza mayai, au kusuka viondo vya kupeleka Machakos mjini. Ni shauri jema. Lakini ukienda kuomba mkopo utaulizwa kwanza: hati ya shamba ina jina la nani? Mara nyingi ni la bwana. Jembe unashika wewe, na dhamana huna.

Sheria ya mwaka 2017 juu ya mali inayohamishika yaruhusu ng'ombe, mazao, hata cherehani, kuwekwa dhamana. Uliza habari zake, ingawa si kila mkopeshaji atakubali. Na bwana akitaka kuweka rehani nyumba mnamokaa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka ridhaa yako kwanza. Usitie sahihi karatasi usiyosomewa.

Njia iliyo karibu zaidi ni mwethya. Matuta mengi ya vilima vya Ukambani yalichimbwa na vikundi hivyo, na wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama. Kikundi kilichoweza kuchimba mtaro pamoja chaweza pia kuweka akiba pamoja. Watu wakiwa kumi wanaweza kuandikisha kikundi chao kwa sheria ya mwaka 2022. Na Mfuko wa Wanawake, ulioanzishwa mwaka 2007, uliwekwa kwa ajili ya kukopesha vikundi kama hivi. Chagueni mweka hazina anayejua kuandika, wala si yule mwenye sauti kubwa.

Sasa, biashara gani? Tazama kilicho karibu nawe. Vilima vya Mua vina matunda. Yatta kwenye ukavu, afadhali kuku. Viondo vya katani vilipendwa sana Ulaya na Marekani miaka ya 1970 na 1980, kisha vikaja vya nyuzi za kiwandani kutoka Asia, bei ikaanguka. Basi usisuke hamsini kabla ya kumpata mnunuzi.

Wenye duka, jihadharini na deni. Tuseme umenunua kilo ya sukari kwa shilingi 150, nawe wauza 160. Faida ni shilingi 10. Jirani akichukua kilo moja asilipe, itakubidi kuuza kilo 15 nyingine ndipo urudishe fedha yako tu. Kumnyima shemeji ni vigumu, twajua. Weka daftari, mwandike, naye aone unavyomwandika.

Nawe bwana, sanduku la duka si mfuko wako. Ukihitaji fedha ya karo, omba, na iandikwe kama deni la mtu mwingine yeyote.

Anza baada ya mavuno ya mvua za vuli, mwezi wa Februari hivi, watu wakiwa na chochote mkononi. Ukifungua Oktoba utakuta kila shilingi imekwenda kwenye mbegu, na wateja wako wote watakuja na daftari.