KIENDESHI: MKALIMANI WA KOMPYUTA

Leo nataka tuzungumze juu ya kiendeshi, kile ambacho mafundi wa mjini hukiita draiva. La, sisemi yule wa matatu!

Kila kompyuta ina kiini, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu na kuamua nani apate zamu. Kiini cha Linux, kwa mfano, kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini. Lakini kiini hakijui lugha ya kila printa duniani. Kiendeshi ndicho mkalimani. Si ajabu basi kwamba zaidi ya nusu ya maandishi ya Linux ni viendeshi vitupu.

Utamu wenyewe uko kwenye katizo. Data ikifika kwenye kadi ya mtandao, kadi hupiga hodi. Kiini huacha lililo mkononi, kiendeshi kikaenda mlangoni. Pale mlangoni hakiruhusiwi kusinzia hata kidogo! Hupokea mzigo upesi, kikauweka kando, kazi ndefu ikangoja. Kikisinzia, kompyuta nzima yaweza kukwama, kwa sababu kiendeshi cha namna hii huishi ndani ya kiini. Programu ya kawaida ikifa, kwa kawaida hufa peke yake.

Na kurekebisha je? Mara nyingine kazi ni ndogo ajabu. Kila kifaa cha USB hubeba nambari mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Andika lsusb utaziona. Kiendeshi nacho kina orodha ya nambari kinazozijua. Mtengenezaji akibadilisha nambari tu, ati kifaa kinakataliwa kama mgeni, na ndani ni kile kile! Dawa ni kuongeza mstari mmoja kwenye orodha, kukijenga kiendeshi upya, kukipakia, halafu kusoma dmesg uone kiini kinalalamikia nini. Kikikubali, unatuma kiraka kwa barua pepe kwa wasimamizi. Wa upande wa USB ni Greg Kroah-Hartman. Wanakikagua hadharani, na wakiona kasoro, jamani, unarudia.

Jambo hili linatuhusu sana. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Jirani yetu mwenye duka la kuchapisha alikuwa nazo nne, karibu azitupe. Akaweka Linux, tatu zikafufuka mara moja. Ya nne haikutambua kidude chake cha wi-fi. Fundi akaziandika zile nambari mbili kwenye faili iitwayo new_id, nacho kikashika mtandao papo hapo. Shida ni kwamba ukizima kompyuta, kiini husahau. Kwa hivyo, mpaka mstari ule uingie kwenye orodha, jirani huziandika tena kila asubuhi kabla wateja hawajafika.