Je, Wajua? Stendi ya tangi la matumbawe hubeba zaidi ya kilo 300
Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50 hujaa kwa lita 300. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya bomba, takriban kilo 1.025 kwa lita, hivyo yanafika kilo 307 kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Ukienda kwa maseremala wa Keko, Temeke, kuagiza stendi yake, sisitiza hili: fremu ya juu ikae juu ya vichwa vya miguu, mbao juu ya mbao. Uzito usiachiwe skrubu hata kidogo! Mbao za mninga zinafaa sana, hazipindi ovyo. Skrubu ziwe za chuma cha pua, maana matone ya chumvi hutafuna za kawaida.