Ukishikwa na Chang'aa: Soma Hii Kabla Useme "Ni Kweli" Kortini

Cheki hii. Ni Ijumaa usiku, umepitia kwa keja ya mathe fulani wa mtaa. Makarao wanaingia. Chini ya kitanda kuna jerikeni ya chang'aa. Wote mnapandishwa Land Cruiser, weekend inaishia selo. Jumatatu uko mbele ya hakimu. Walio mbele yako kwa laini wote wanasema "ni kweli", na wewe unafuata. Dakika mbili, kesi imeisha.

Shida ni kwamba wengi husema "ni kweli" bila kujua wamekubali nini.

Tuanze na sheria yenyewe. Kutoka 1980 Kenya ilikuwa na Chang'aa Prohibition Act. Kupatikana nayo tu kulikuwa kosa. Watu hawakuacha kunywa, walijificha tu, na kwa giza hakuna mtu wa kupima kitu. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methano. 2010 hiyo sheria ikafutwa, ikaja ile tunaita ya Mututho.

Usidhani sasa ni sawa. Chang'aa haijakatazwa kwa jina, lakini anayeitengeneza lazima awe na laiseni, pombe ifikie viwango, na ipakiwe vile sheria inataka. Ya jerikeni haina hata moja ya hizo. Ukishtakiwa kwa kifungu cha 27, kile cha pombe isiyofaa, faini inaweza kufika milioni 10, ama jela miaka 10, ama zote mbili.

Na "kupatikana nayo" si lazima iwe mkononi mwako. Penal Code, kifungu cha 4, inasema hata kama umeiweka kwa nyumba ya mtu mwingine, bora unajua na ni kwa faida yako, ni yako. Kama mko mbogi, mmoja ameishika na wengine mnajua na mmekubali, nyote mnayo.

Lakini ona hapo: kujua. Kama ulikuja tu kudai deni na hukujua kuna kitu chini ya kitanda, huo ni utetezi. Upande wa mashtaka ndio unafaa kuthibitisha, si wewe. Ukisema "ni kweli", umewasaidia kazi yote.

Kuna kesi ya 1973, Adan dhidi ya Republic, inafuatwa mpaka leo. Shtaka lazima lisomwe kwa lugha unayoelewa na ufafanuliwe kila kitu. Ukikubali, mwendesha mashtaka anasoma vile mambo yalitendeka, na wewe unapewa nafasi ya kusema kama uko sawa na hiyo story. Ukisikia "alipatikana akiuza lita 20" na wewe ulikuwa mgeni tu, inua mkono useme hapo hapo. Hakimu anafaa kubadilisha jibu lako liwe umekataa.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu ukikubali mashtaka na ufungwe na hakimu, rufaa yako inabaki kwa adhabu tu. Kupinga kwamba ulikosa, sheria imefunga huo mlango. Na siku za rufaa ni 14 pekee.

Ukikataa mashtaka haimaanishi unakaa ndani. Katiba, kifungu cha 49, inakupa haki ya dhamana mpaka kuwe na sababu nzito ya kukunyima.

Sisemi udanganye korti. Kama ni yako kweli, kubali, lakini usinyamaze hapo. Ukiulizwa kama uko na la kusema, sema ni mara ya kwanza, sema uko na watoto wanakutegemea. Tangu 1998 kuna sheria inaruhusu hakimu akupe kazi ya jamii badala ya jela. Kufagia soko miezi michache ni afadhali kuliko watoto kulala njaa.

Kama kuna mathe unajua anauza, ama rafiki anapenda kupitia huko, mwambie hii mapema. Kwa selo hakuna simu ya kusomea.