Deni la Mume, Nyumba ya Wote: Haki za Mke Benki Inapotaka Kuuza

Mume amekopa, biashara imelala, na sasa dalali ameleta karatasi ya mnada. Mke anauliza: mimi sikukopa, vipi nyumba ninayoishi na wanangu iuzwe? Jibu linategemea zaidi ile karatasi aliyotia sahihi, au ambayo hakutia, siku mkopo ulipochukuliwa.

Kwetu Waislamu, deni la mume ni la mume, na mali ya mke ni yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaturuhusu kufuata dini yetu katika mali ya mume na mke. Lakini benki si mume. Mkataba wa rehani unasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na Kadhi, ambaye kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, hawezi kuizuia benki kuuza.

Kifungu cha 79 cha sheria hiyo kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haifai ila mwenza anayeishi humo awe ametia sahihi au ameridhia. Hii humlinda mke, na humlinda mume pia ikiwa mke ndiye mwenye hati. Kama mumeo alikwenda benki akasema hana mke, au sahihi yako ilighushiwa, una hoja nzito mahakamani. Ndiyo maana cheti cha ndoa kisikae kwa mume peke yake. Wengi wetu tumefunga nikahi na cheti hatujui kiko wapi.

Ukiwa ulitia sahihi, jua ulitia sahihi ya nini. Ridhaa si dhamana. Aliyeridhia tu hakuwa mdeni: nyumba inaweza kwenda, lakini ikiuzwa na deni lisimalizike, benki itamdai mume kilichobaki. Aliyetia sahihi kama mdhamini anaweza kudaiwa yeye mwenyewe, mpaka mshahara na akiba yake. Karatasi hizi mbili huwekwa mezani siku moja, na mke huambiwa, "Weka sahihi hapa na hapa."

Hata ukiwa uliridhia, benki haiwezi kuuza ghafla. Malipo yakikwama mwezi mmoja, inaweza kutoa ilani ya kwanza, ambayo humpa mdeni muda usiopungua miezi 3 kulipa. Ikishindikana, hufuata ilani ya kuuza ya siku 40, na nakala yake lazima apewe mwenza aliyeridhia. Kisha dalali hutoa siku 45 za kukomboa nyumba. Mume akizificha barua kwa aibu, wewe bado una haki ya nakala yako.

Benki pia ina wajibu wa kuithamini nyumba kabla ya mnada na kutafuta bei nzuri. Ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka benki ithibitishe vingine. Kifungu cha 103 kinampa mwenza nafasi ya kuiomba mahakama nafuu, hata kama mkopo si wake.

Lakini wahi. Nyundo ya dalali ikishagonga na mnunuzi akawa hana hila, mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia, si kurudishiwa nyumba. Mnada ukiwa wiki ijayo, nenda kwa wakili leo na cheti cha ndoa, ilani zote na nakala ya mkataba. Asiye na uwezo wa wakili aende FIDA, wana ofisi Mombasa.

Na wewe ambaye mumeo bado hajakopa, zungumzeni sasa. Uliza ni pesa ngapi, za kazi gani, na zitalipwa na nini. Omba karatasi uende nazo nyumbani, usomewe na mtu unayemwamini. Kumuuliza mume si kumvunjia heshima. Dini yetu yenyewe imetuamuru deni liandikwe na lishuhudiwe.