Kiwewe na Mwili: Nafasi ya Mazoezi Mepesi katika Kupona

Kiwewe, kwa maana inayotumika katika tiba ya akili, ni jeraha linalobaki katika nafsi ya mtu aliyekumbwa na tukio la kutisha lililozidi uwezo wake wa kulistahimili, kama vile kubakwa, kuteswa, kunusurika vita au kuishi miaka mingi chini ya kipigo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 70 hivi ya watu hukutana na tukio la namna hiyo angalau mara moja maishani, lakini ni wachache miongoni mwao, takribani asilimia 5.6, wanaoishia kupata ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, ambao uliingizwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Mgonjwa huyo huota ndoto za kutisha, huvamiwa na picha za tukio mchana kweupe, hukwepa watu na mahali panapomkumbusha yaliyompata, na hushtuka kupita kiasi mlango ukibamizwa. Dalili hizi, ingawa huhesabiwa kuwa za akili, aghalabu hujitokeza mwilini: moyo huenda mbio, kinywa hukauka, mabega hukakamaa, usingizi hukatika, na wakati mwingine viungo hufa ganzi kana kwamba si vya mtu mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini mwili unahusika kiasi hicho, ni lazima kurejea kazi ya mwanafiziolojia Mmarekani Walter Cannon, ambaye mwaka 1915 alieleza jinsi mwili unavyojiandaa ghafla kupigana au kukimbia pindi hatari inapotokea. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kipo kisehemu kiitwacho amigdala, chenye kazi ya kutambua hatari hata kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri. Kikishaitambua, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli katika damu, mapigo ya moyo huongezeka, pumzi hufupika, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, na kazi ya kumeng'enya chakula hupunguzwa. Hatari ikipita, mwili wenye afya hurejea taratibu katika hali yake ya kawaida, ilhali mwili wenye kiwewe huendelea kujiandaa kwa shambulio ambalo lilikwisha kutokea, pengine miaka ishirini iliyopita.

Zaidi ya kupigana na kukimbia lipo jibu la tatu, nalo ni kuganda, yaani hali ambapo mtu aliyezidiwa nguvu hushindwa kusogea, hushindwa kutoa sauti na hata hujihisi kama anayelitazama tukio kutoka mbali. Jambo hili linastahili kusemwa wazi, kwa kuwa katika mahakama na katika vikao vya ukoo mwanamke aliyebakwa huulizwa mara nyingi kwa nini hakupiga kelele wala kukimbia, na swali hilo limewaumiza wengi pasipo haki. Misuli iliyokataa kutii haikungoja ruhusa yake, wala ukimya wake haukuwa ridhaa. Wengi wa walioganda siku ile huendelea kuuchukia mwili wao kwa kile wanachokiona kuwa usaliti, huacha kuusikiliza, na hufika mahali pa kutotambua njaa, uchovu wala maumivu mpaka hali inapokuwa mbaya.

Tiba zilizothibitishwa zaidi ni zile zinazolikabili tukio lenyewe kwa mazungumzo yaliyopangwa na mshauri aliyefunzwa, na mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 unazipendekeza. Manufaa yake yameonekana hata katika mazingira magumu: katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walisaidiwa kuyasimulia maisha yao tangu utotoni, tukio baya likiwekwa mahali pake katika mfuatano wa miaka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba tiba hiyo ilifaulu hata ilipotolewa na wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi ya ushauri. Hata hivyo wapo ambao masimulizi huwashinda. Mwaka 1996 watafiti wa Boston walipiga picha za ubongo wa kundi dogo la wagonjwa waliokuwa wakisikiliza maelezo ya matukio yao wenyewe, wakaona amigdala ikichangamka huku sehemu ya upande wa kushoto inayohusika na kutunga maneno ikipunguza kazi. Kundi lilikuwa dogo mno kuweza kumaliza hoja, lakini picha hizo zilitoa sababu inayoingia akilini ya jambo ambalo washauri wengi walilijua kwa uzoefu, kwamba mgonjwa aliyefikishwa kwenye kiini cha habari yake huenda akanyamaza kwa kuwa maneno yenyewe hayaji.

Ni kutokana na pengo hilo ndipo mazoezi mepesi ya mwili yalipoanza kuchukuliwa kwa uzito. Mapema katika miaka ya 2000, katika kituo cha tiba ya kiwewe kilichokuwa Brookline, jirani na Boston, mwalimu wa yoga David Emerson alishirikiana na daktari wa akili mzaliwa wa Uholanzi, Bessel van der Kolk, kutengeneza aina ya yoga inayozingatia hali ya walionusurika. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wanawake 64 ambao ugonjwa wao ulikuwa umedumu muda mrefu licha ya matibabu. Baadhi walifanya yoga hiyo saa moja kwa wiki kwa wiki 10, na wengine walihudhuria darasa la elimu ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na sifa za kuhesabiwa wagonjwa, wakati katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Lenye mafunzo zaidi ni kwamba katika nusu ya kwanza makundi yote mawili yalipata nafuu, pengine kwa sababu kukutana na wenzako na kusikilizwa ni dawa kwa namna yake, lakini baadaye waliokuwa darasani walirudi nyuma na waliofanya mazoezi hawakurudi.

Msomaji anayezijua picha za yoga za magazetini, zenye watu waliojikunja mithili ya kamba, hataitambua yoga hii. Washiriki wanaweza kukaa kwenye viti vya kawaida, mlango ukiwa unaonekana na kila mmoja akiwa huru kutoka. Mwezeshaji, ambaye naye hufanya zoezi pamoja nao badala ya kuzunguka akiwakagua, huwaambia kwamba anayependa anaweza kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kuona kama anaihisi. Kisha, kwa anayependa, kuinamisha kichwa upande wa kulia kidogo tu, au kukiacha kilipo. Kisha kuinua mabega na kuyashusha, mara moja au zaidi, haraka au polepole, kadiri kila mmoja atakavyoona. Hakuna anayeambiwa kwamba amekosea. Hakuna anayelazimishwa kufumba macho, kwa kuwa giza ni mateso kwa mtu aliyeshambuliwa usiku, wala anayeguswa ili kurekebishwa mkao. Hata maneno huchaguliwa kwa uangalifu: amri kama "lala chali" au "tulia" huenda zilitamkwa na mtesaji, na kwa hiyo kila hatua hutolewa kwa namna ya mwaliko unaoweza kukataliwa.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo hili, ingawa makala nyingi za afya hulipita haraka zikikimbilia kusifu kunyoosha viungo. Kiini cha kiwewe, hasa kile kinachosababishwa na binadamu mwenzako, ni kunyang'anywa uamuzi juu ya mwili wako. Na mwanamke anayeinua mkono wake, akahisi msuli wa bega ukivutika, kisha akaamua mwenyewe kuushusha kwa sababu imetosha, amefanya tendo dogo la kinyume chake. Likirudiwa kwa wiki na miezi, tendo hilo humrudishia mazoea ya kuhisi kitu mwilini bila kuzidiwa nacho na ya kuchukua hatua kulingana na anachokihisi. Kwa sababu hiyo zoezi lolote, hata liwe jepesi namna gani, likiendeshwa kwa kufokeana na kushindana hupoteza maana yake ya tiba, na kinyume chake matembezi ya pamoja, taichi ya Kichina au ngoma ya taratibu huweza kufaa endapo uamuzi umeachwa kwa mwenye mwili.

Pumzi nayo ina kazi yake, na kazi hiyo inaweza kuhakikishwa na yeyote. Mtu akiweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake na kuusikiliza mshipa, atagundua kwamba mapigo huharakisha kidogo anapovuta hewa na hupungua kasi anapoitoa, jambo linalodhihirika zaidi kwa vijana na kwa anayepumua polepole. Kinachosababisha hilo ni neva ya vagasi, ambayo hutoka kwenye shina la ubongo, hupita shingoni na kufika kwenye moyo, mapafu na tumbo, na ambayo kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo mwendo. Kwa kawaida mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akizipunguza hadi karibu 6, huku akirefusha muda wa kutoa hewa, huipa neva hiyo nafasi kubwa zaidi ya kutuliza. Lakini wapo ambao kuifuatilia pumzi huwaongezea hofu, hasa walionyongwa au waliofunikwa uso, na hao wasishikiliwe hapo. Kuhisi nyayo sakafuni au kufinyanga kitu mkononi huwafaa zaidi.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani uliowahusu wanawake 131 waliokuwa wanajeshi na waliodhulumiwa kingono wakiwa kazini. Yoga ya aina hii ililinganishwa na mojawapo ya tiba za mazungumzo zinazoheshimiwa zaidi, na nafuu ikawa ya kiwango kimoja, isipokuwa kwamba waliofanya yoga walidumu hadi mwisho kwa wingi zaidi. Jambo hilo si dogo, kwa maana tiba bora isiyovumilika haimponyi aliyeikimbia.

Katika eneo la Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, mbinu za mwili zimeingia zikiwa zimefungamana na huduma nyingine. Jijini Nairobi, mpango wa vikao vitano ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, ambao miongoni mwa mbinu zake ni kupumua polepole, ulijaribiwa kwa wanawake 421 wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua. Waliouendesha hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Katika makazi ya Rhino Camp nchini Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio la mpango wa aina hiyo unaofundishwa kwa sauti iliyorekodiwa, ambamo mtu hufunzwa kujirudisha katika wakati uliopo kwa kukanyaga ardhi, kunyoosha viungo na kuangalia vilivyomzunguka. Huko Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 huunganisha upasuaji, ushauri nasaha, msaada wa kisheria na wa kujikimu, na kituo cha City of Joy kilichofunguliwa mwaka 2011 huwapokea walionusurika kwa miezi sita, dansi na maigizo yakiwa sehemu ya ratiba pamoja na masomo.

Wapo waumini wa Kiislamu na wa Kikristo wanaoiogopa yoga kwa asili yake katika dini za Kihindi, na hofu hiyo haipaswi kubezwa. Hakuna ulazima wa kutumia jina hilo wala maneno ya Kisanskriti. Bega linaloinuliwa kwenye kiti halihitaji dini, na mtu aliyekwisha kunyimwa hiari mara moja asilazimishwe tena kwa jambo linalomtia shaka moyoni.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Madai yanayosambaa kwamba kiwewe huhifadhiwa kama sumu ndani ya nyonga, na kwamba mkao fulani huitoa, hayana ushahidi. Misuli hukakamaa kwa amri ya ubongo, na kumbukumbu hukaa ubongoni. Mwenye mawazo ya kujiua, kifafa, ujauzito au majeraha ya nyonga yasiyopona, yakiwemo ya fistula, anahitaji kuonwa na daktari kabla ya kuanza. Zaidi ya yote, mazoezi haya hayawezi kuchukua nafasi ya usalama: mwanamke anayerudi jioni kwa mume anayempiga, au familia ya Bukavu iliyouona mji wake ukitekwa na waasi wa M23 Februari 2025, haina mwili unaojidanganya kuhusu hatari, na kumfundisha mtu kutulia mbele ya hatari iliyo hai bila kumsaidia kuiepuka ni kumkosea.

Kwa wanaotaka kuanzisha kikundi katika zahanati, msikitini, kanisani au katika chama cha wanawake, gharama ya vifaa ni ndogo, kwani viti na chumba chenye mlango unaofunguka vinatosha. Kinachogharimu ni mafunzo ya mwezeshaji, ambaye hana budi kujua la kufanya mshiriki anapokodoa macho na kuacha kusikia: kumwita kwa jina, kumwambia yuko wapi na leo ni siku gani, kumwomba ataje vitu anavyoviona chumbani, bila kumshika. Mwezeshaji huyo anahitaji pia mshauri wa kumpelekea wale waliozidiwa na msimamizi wa kuzungumza naye mara kwa mara, kwa sababu katika maeneo mengi yenye vita na ukatili anayefundisha naye amenusurika.