Je, Wajua? Kilima Kifupi Chenye Jiwe Lililowatangulia Samaki

Dùn Ì ni kilima cha mita 101 tu. Kipo Iona, kisiwa kidogo chenye mawemawe magharibi mwa Uskoti, na hakuna kilele kingine kisiwani kinachokipita. Mwenye pumzi za kawaida hufika juu kabla jasho halijamtoka sawasawa. Njia ni ya majani na matope, na kimya chake hukatizwa na upepo na kondoo.

Lakini usikimbilie kilele. Inama utazame jiwe unalolikanyaga. Lina mistari ya kijivu na myeusi iliyojikunja, tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa kabla ya kukaangwa. Huitwa naisi. Zamani lilikuwa mwamba wa namna nyingine. Likazama kilomita nyingi ardhini, joto na mgandamizo vikalilainisha bila kuliyeyusha lote, na madini yake yakajipanga mistari. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati huo duniani hapakuwa na samaki, jani wala mdudu. Uhai wote ulikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Watu humjia zaidi Mtakatifu Columba, aliyevuka kutoka Ayalandi mwaka 563 akajenga monasteri chini ya kilima hiki. Ni haki yao. Ila kwa hesabu za jiwe, Columba amefika jana.

Pwani ya mashariki kuna mabonge ya matale ya rangi ya waridi. Hayakuzaliwa hapo. Yalitoka kisiwa cha Mull, ng'ambo ya mlango wa bahari, yakabebwa na barafu nzito ya Enzi ya Barafu, nayo ilipoyeyuka ikayatua. Barafu hiyohiyo ndiyo iliyokikwangua kilima.

Siku ya kweupe, ukiwa kileleni, utaiona Staffa upande wa kaskazini, kisiwa cha nguzo za basalti zilizotokana na lava ya miaka milioni 60 hivi. Wataalamu huihesabu miaka hiyo kuwa michache, na ukishalishika jiwe la Dùn Ì utawaelewa.

Nasi tunao wazee wa rika hilo. Ukipita Mwanza, weka kiganja kwenye majabali ya matale kando ya ziwa: nayo yana zaidi ya miaka bilioni 2.5.